Somo Lisilo na Kadi Halina Msomaji



Nimeombwa kusema juu ya jambo ambalo kwa juu juu huonekana kuwa la mafundi wa kompyuta peke yao: viwango vya teknolojia ya elimu, na hasa vya metadata ya masomo. Nia yangu ni kuonyesha kuwa jambo hili ni letu sisi tushikao chaki na sisi tushikao mafaili.

Metadata ni nini? Kila mwalimu aliyepata kuingia maktaba ameiona. Ile kadi ndogo ionyeshayo jina la kitabu, mwandishi, mwaka na rafu kilipowekwa, ndiyo metadata. Kitabu kisicho na kadi kimo maktabani, lakini kwa msomaji hakimo. Hali kadhalika somo lililotiwa katika kompyuta bila kutajwa lugha yake, darasa lake na mada yake: limegharimiwa, limeandikwa, na hapana alionaye.

Wenzetu walilitambua hilo mapema. Mwaka 1995 wakutubi na wataalamu wa kompyuta walikutana katika mji wa Dublin, jimbo la Ohio, Marekani, na kazi waliyoianza ikazaa vipengele 15 vya kuelezea maandishi ya mtandaoni. Mwaka 2002 taasisi ya wahandisi ya IEEE ilipitisha kiwango cha metadata ya zana za kujifunzia, chenye makundi tisa ya maelezo. Faida yake yaonekana wazi. Pasipo kiwango, ofisi inunuapo mfumo mpya huenda ikalazimika kuyaandaa upya masomo yale yale, na fedha ya umma ikalipia kazi moja mara mbili.

Lakini, ndugu zangu, kiwango si ufundi mtupu. Katika kiwango hicho cha 2002 mna kipengele kiulizacho somo latumika katika mazingira gani. Majibu yaliyowekwa ni manne: shule, elimu ya juu, mafunzo, na "nyinginezo". Je, mama wa kijijini ajifunzaye kisomo chenye manufaa yu wapi hapo? Nchi yetu iliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya wananchi katika vikundi kando ya redio. Elimu ya namna hiyo haina jina lake katika orodha ile. Sisemi kuwa tulidhulumiwa kwa makusudi. Waliokuwapo mezani waliandika waliyoyajua. Asiyekuwapo na lake halipo.

Nasi si wageni wa kazi hii. Mwaka 1930 iliundwa Kamati ya Lugha ya kusanifisha Kiswahili kwa ajili ya Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda. Usanifishaji huo ulirahisisha kitabu kimoja kusomwa na watoto wa nchi mbalimbali; hata hivyo wapo wenyeji wa Mombasa walionung'unika kuwa lahaja yao imewekwa kando. Funzo ni hili: kiwango huunganisha, lakini humsahau asiyeshirikishwa.

Basi tufanyeje? Kwanza, kila mwalimu aandaaye somo ajaze maelezo yake: lugha, darasa, mada, na ruhusa ya kunakili. Asisahau kuandika alama ya kimataifa ya Kiswahili, yaani "sw", maana mashine nyingi zikiachwa hujiandikia Kiingereza. Pili, maofisa wa ununuzi waweke sharti katika zabuni kwamba mfumo uweze kutoa masomo pamoja na maelezo yake kwa kiwango kinachojulikana. Tatu, Taasisi ya Elimu, Shirika la Viwango na Baraza la Kiswahili wakae pamoja na walimu, waandike orodha yetu ya istilahi za ngazi na aina za elimu. Uingereza na Kanada zilikichukua kiwango cha kimataifa na kukirekebisha kulingana na mahitaji yao. Hapana sababu ya sisi kushindwa.

Kazi hii haina ngoma wala vifijo. Ni kazi ya kujaza vijisanduku vidogo, kimoja baada ya kimoja. Lakini mtoto wa Kasulu atafutaye somo la sehemu kwa Kiswahili atalipata au atalikosa kwa sababu ya kijisanduku kimoja tulichokijaza au tulichokiacha.