Habu za Mbele za Land Cruiser, na Hati Tunazoandika



Nimetakiwa niseme juu ya magurudumu ya mbele ya gari zetu za safari. Najua wako watakaouliza, karani ana nini na grisi? Ana mengi. Fundi wa Serikali hapati hata washa moja mpaka karani aandike hati, na hati ikiandikwa pasipo kuelewa, gari hutoka gereji pamoja na ugonjwa wake.

Gari nisemayo ni Land Cruiser ya namba 70, iliyoanza kuuzwa mwaka 1984, na hata leo ndiyo ichukuayo madaktari, chanjo na masanduku ya kura hadi vijiji vya mbali. Katika kila ncha ya ekseli yake ya mbele pana mhimili mfupi wa chuma usiozunguka. Juu ya mhimili huo huzunguka habu, yaani kitovu cha gurudumu, na baina yao mna beringi mbili, ya ndani na ya nje. Kila beringi ina kikombe chake, nacho hupigwa ndani ya habu kwa nguvu kisicheze hata kidogo.

Basi maji ya mito yakipenya sili, grisi huharibika. Beringi huwaka moto na kung'ang'ania, na kile kikombe, ambacho hakikuwekwa kizunguke, huanza kuzunguka na kuila habu yenyewe. Tangu hapo ugonjwa si wa beringi tena. Ukitia kikombe kipya kikaingia kwa kusukumwa na kidole gumba, habu hiyo imekwisha kazi. Wako mafundi wanaoidonoa kwa patasi ili ibane, au kuzungushia kipande cha bati la kopo. Hiyo si dawa. Kikombe kitalegea tena, pengine gari likiwa katika mteremko.

Nimepata kuona jalada la gari moja, katika ofisi nisiyoitaja, ambamo beringi za upande mmoja ziliagizwa mara tatu kabla mwaka haujaisha. Hakuna aliyeuliza habu ina hali gani, kwa kuwa bei yake ilionekana kubwa. Aliyeulizwa ni dereva: alitakiwa ajieleze kwa maandishi kwa nini anaendesha vibaya. Mtu mwenye watoto alikaribia kupoteza kazi kwa ajili ya chuma kilicholika.

Kupima si kazi ngumu. Ekseli iinuliwe kwa jeki, kisha iwekwe juu ya stendi imara, maana jeki peke yake haiaminiki. Shika gurudumu juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki, utikise tena. Mchezo ukitoweka, kasoro iko katika beringi za gurudumu au habu. Usipotoweka, tazameni beringi za kingipini, ambazo ni habari nyingine.

Katika kufungua, nati kubwa zina spana yake ya milimita 54. Mkiona fundi anazipiga kwa patasi na nyundo, mwandikieni spana hiyo kwanza, kwani ni rahisi kuliko mhimili ulioharibika nyuzi. Mhimili nao ukaguliwe: ukiwa umelika au umegeuka buluu kwa moto, habu mpya itawekwa bure. Diski ya breki huhamishiwa habu mpya, na vikombe vipya hupigwa polepole, pande zote sawasawa, mpaka sauti ya nyundo ibadilike na kuwa nzito. Beringi zishindiliwe grisi kwa kiganja hadi itokeze upande wa pili.

Penye kosa la wengi ni kukaza. Nati ya ndani hukazwa kwanza kwa nguvu, habu ikazungushwa huku na huku mara kadhaa ili beringi zikae, kisha nati hulegezwa na kukazwa tena kidogo tu. Ikizidi, beringi zitaungua. Ikipungua, gurudumu litayumba. Fundi mwangalifu hufunga mizani ya kuvuta kwenye bolti ya gurudumu, atazame habu inaanza kuzunguka kwa kilo ngapi, na kulinganisha na kitabu cha gari hilo. Ndipo huja washa ya kufungia, mpya, jino moja likunjwe ndani na jingine nje.

Kwa hiyo hati ya habu moja itaje habu yenyewe, beringi mbili pamoja na vikombe vyake, sili, washa ya kufungia, gasketi na grisi. Upande wa pili nao ufunguliwe siku hiyo hiyo, kwa sababu umepita mito ile ile.

Bwana Rais, habu moja iliyotupwa nimeileta, iko hapa mezani. Mwenye kutaka aingize kidole, atausikia mfereji uliochimbwa na kikombe. Niko tayari kwa maswali.