Tuwasaidie Watoto Wetu Kushinda Hofu



Tunapozungumza juu ya amani, mara nyingi tunawataja wazee, vijana na wanasiasa. Leo tumtazame mtoto wa miaka minne au mitano. Katika mapigano ya mwaka 1992 huko Molo na Burnt Forest, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watoto wa umri huo walikimbizwa gizani huku nyumba zao zikiwaka. Tarehe 1 Januari 2008, huko Kiambaa karibu na Eldoret, hata kanisa walimokimbilia wanawake na watoto lilichomwa moto. Zaidi ya watu 1,100 walipoteza maisha nchini katika machafuko yale. Watoto walionusurika ni watu wazima leo, na baadhi yao sasa ni wazazi.

Mara nyingi hofu ya mtoto mdogo haisemwi kwa maneno. Mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani huanza tena. Hushtuka usiku, humng'ang'ania mama, hulalamika tumbo. Pengine katika mchezo wake huchoma vibanda vya majani siku baada ya siku. Hayo si utundu, basi tusimchape wala tusimcheke. Tena mtoto wa umri huo aweza kudhani kwamba maafa yalitokea kwa sababu yeye alikosa. Yatupasa kumwambia waziwazi kwamba kosa si lake.

Tufanye nini basi? Kwanza, tumsikilize bila kumlazimisha kusema. Pili, tumrudishie utaratibu wa maisha: chakula, mchezo, sala ya jioni na usingizi kwa saa zilizozoeleka. Tatu, tumjibu kweli. Akiuliza, "Watarudi tena?" tusiape kwamba hawatarudi, maana hilo haliko mikononi mwetu. Tumwambie, "Tuko pamoja nawe, nasi tutakulinda kwa nguvu zetu zote." Hofu ikidumu kwa majuma mengi, akakataa kula au kusema, tumpeleke kwa daktari.

Nne, nalo ni zito zaidi: tusimtishe mtoto kwa zimwi, kwa polisi, wala kwa kabila la jirani. Hapa ndipo hofu inapogeuka kuwa jambo la haki na amani. Mtoto anayefundishwa kuwaogopa watu wa kabila fulani atakapokua atashika rungu, akiamini kwamba anajilinda.

Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990, na kifungu cha 53 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtoto haki ya kulindwa dhidi ya ukatili wa kila namna. Lakini hakuna askari awezaye kusimama jikoni mwetu kuyalinda masikio ya mtoto. Kazi hiyo ni yetu sisi.

Kwa hiyo, kila jumuiya ndogo ndogo ipatane, kabla kampeni hazijaanza, kwamba uvumi na matusi ya kikabila hayatatamkwa mbele ya watoto, na kwamba watoto wa majirani wote watakaribishwa kucheza pamoja. Bwana wetu aliwakasirikia wanafunzi waliowazuia watoto, kisha akawakumbatia wadogo wale. Tusiwe sisi wa kuwazuia.

Mungu awabariki.