Matango ya Misri na Rafu za Nakumatt

Leo tutazungumza habari za maduka. Naam, maduka; usiifunge redio yako ukidhani mchungaji amekosea mlango wa studio.

Wakikutana watu wa makamo siku hizi, iwe ni arusini, matangani, au nje ya kanisa wakingoja chai, haipiti muda mrefu kabla ya mmoja kuuliza, "Mwaikumbuka Nakumatt?" Hapo mazungumzo hunoga. Huyu ataja yule ndovu wa kwenye alama ya duka. Mwingine asema jinsi alivyomaliza zamu ya usiku akapata maziwa na mkate saa saba za usiku, maana matawi mengine hayakufunga mlango mchana wala usiku. Wa tatu atakumbuka Uchumi ya Aga Khan Walk, mahali ambapo wengi walipeana miadi hata kama hawakuwa na senti ya kununua kitu. Hata mifuko yetu ya plastiki tuliikunja vizuri na kuiweka chini ya godoro, ili ikatumike kubebea Biblia na kitabu cha nyimbo Jumapili. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti, 2017, mwaka ule ule ambao rafu za Nakumatt zilianza kubaki tupu.

Kwa ajili ya vijana niseme kidogo. Uchumi ilianzishwa mwaka 1975 na mashirika ya umma, ili wananchi wapate bidhaa za lazima kwa bei ya haki na viwanda vyetu vipate pa kuuzia. Mwaka 1992 hisa zake ziliingia katika Soko la Hisa la Nairobi, na waalimu na makarani wakazinunua. Juni 2006 milango ilifungwa, ikawekwa chini ya mrasimu. Serikali ikasaidia, ikafunguliwa mwezi uliofuata, na mwaka 2010 ikatoka mikononi mwa mrasimu. Watu tukashangilia. Lakini mwaka 2015 iliyafunga matawi yake ya Uganda na Tanzania, na ya hapa nyumbani yakafuata moja baada ya jingine.

Nakumatt ilitokana na duka la magodoro mjini Nakuru, na jina lake ni vipande vya maneno hayo mawili, Nakuru na magodoro kwa Kiingereza. Godoro likazaa matawi zaidi ya 60 katika nchi nne: Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Januari 2018 ikakabidhiwa msimamizi wa mahakama, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ivunjwe. Tuskys nayo, iliyoanzishwa na marehemu Joram Kamau kutoka upande ule ule wa Nakuru, ilianza kufunga milango mwaka huo huo wa 2020. Ukwala iliuzwa kwa Choppies ya Botswana, na Choppies nayo ikaondoka. Shoprite ya Afrika Kusini iliingia mwaka 2018, haikukaa.

Je, ni vibaya kuyakumbuka? Hasha. Na mimi naona nafahamu kwa nini wengi huyakumbuka kwa upendo. Fikiri jinsi duka la zamani lilivyokuwa. Wasimama mbele ya kaunta yenye wavu wa chuma, bidhaa ziko nyuma ya mwenye duka, nawe waelekeza kwa kidole. Ukiuliza bei mara mbili wakemewa. Ukitaka kukigusa kitu kabla ya kukilipia, waulizwa kama una pesa. Kisha likaja duka ambalo mtu wa kijijini aliingia na viatu vyake vya vumbi, akachukua kikapu, akainua kopo, akalisoma, akalirudisha mahali pake, na hakuna aliyemfokea. Bei ilibandikwa. Waziri na mpishi wake walilipa sawa. Mama aliyempeleka mtoto kusukuma toroli tu, akanunua pakiti moja ya majani ya chai, alitoka akiwa mteja kama wengine. Jambo hilo si dogo, nami siwezi kuwacheka watu wanaolitamani.

Lakini kuna jambo katika kitabu cha Hesabu, sura ya kumi na moja. Wana wa Israeli wako jangwani, wamechoka na mana, na wanaanza kukumbuka chakula cha Misri. Ukiisoma orodha yao utadhani wasoma ya mtu anayekwenda sokoni: samaki, matango, matikiti, vitunguu vya aina mbili tatu. Tena wasema samaki walikula bure! Angalia sana neno hilo. Waliyakumbuka matango, hata ladha yake, lakini katika orodha yote hamna tofali hata moja. Hamna msimamizi mwenye fimbo. Hamna mtoto aliyetupwa mtoni. Hawakusema uongo, kwa maana matango yalikuwapo kweli. Ila kumbukumbu yao ilichagua.

Yetu nayo huchagua. Kuna jamaa katika nchi hii wasioweza kulisikia jina la Nakumatt kwa furaha, kwa kuwa tarehe 28 Januari, 2009, tawi la katikati ya Nairobi liliungua na watu zaidi ya 20 wakafa. Wengine hukumbuka Westgate, Septemba 2013, ambako duka hilo ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote katika jumba lile. Hao tuwaache na huzuni yao, tusiwalazimishe kucheka nasi.

Na kuna kundi la pili, kubwa zaidi. Supamaketi haikuilipia mikate na mboga siku ilipoletewa. Ilipokea bidhaa leo, ikaziuza kesho kwa fedha taslimu, na yule aliyezileta akaambiwa angoje siku 60, au 90. Katikati ya siku hizo fedha zake zilikuwa mikononi mwa duka, na duka likishikwa na tamaa ya kukua laweza kuzitumia kufungua tawi jingine. Kweli, tulipopita tukaona tawi jipya linang'aa tulisema, "Hawa wameendelea." Ila pengine taa zile ziliwashwa kwa fedha za mtu wa maziwa wa Limuru. Nakumatt ilipoanguka, madeni yake yalipita shilingi bilioni 30. Na kampuni ikivunjwa, benki yenye dhamana hutangulia. Mkulima aliyeaminiana kwa karatasi husimama nyuma kabisa, na mara nyingi zamu yake ikifika chungu ni kikavu. Wafanyakazi nao, wale wasichana na vijana waliotupigia hesabu kwa tabasamu, walikuwa wamekaa miezi bila mshahara.

Mtume Yakobo, katika sura ya tano, asema habari za ujira wa wavunaji uliozuiliwa, jinsi unavyolia hata kilio kikamfikia Bwana. Ni ajabu kwamba kwake ni fedha zenyewe zinazolia kwanza. Bunge letu nalo lilisikia kidogo, maana mwaka 2019 sheria ya ushindani ilirekebishwa ili wanunuzi wakubwa wasiwakandamize wanaowauzia. Ni vyema. Ila sheria hiyo haimfikii mwenyekiti wa kamati ya arusi ambaye mpaka leo hajamlipa mama aliyepika pilau ya watu mia tatu, na arusi ilikuwa Aprili. Wala haiwafikii wazee wa kanisa walioazima hema. Tunajuana.

Katika parishi mojawapo niliyotumikia alikuwapo mzee mmoja mwenye shamba karibu na mto. Alipanda spinachi na dhania, akaziuzia supamaketi moja kubwa, ambayo jina lake sitalitaja. Kina mama saba walimkatia mboga alfajiri, wakaziosha, wakazifunga mafungu, na gari likazichukua kabla ya jua. Aliendelea kupeleka hata malipo yalipochelewa, kwa kuwa aliambiwa akisimama atapoteza nafasi yake. Duka likafungwa. Alikuwa na mkopo wa chama cha ushirika. Aliuza ng'ombe wake wa maziwa, kisha akauza kipande cha shamba, na kwa fedha hizo akawalipa wale kina mama saba hata senti ya mwisho, ingawa ilimchukua karibu miaka miwili. Yeye mwenyewe hakulipwa kitu.

Jumapili baada ya ibada, watu walipoanza kusimuliana habari za maduka ya zamani, niliona huvaa kofia yake na kwenda kuangalia tangi la maji la kanisa, kana kwamba lavuja. Siku moja nilimfuata. Nikamwuliza, "Baba, mazungumzo yale yakuumiza?"

Akanijibu, "La, mchungaji. Wacha wakumbuke. Ila mimi duka lile nalikumbuka vizuri kuwashinda, kwa maana nina stakabadhi."

Alikuwa nazo kweli, katika mkebe wa biskuti, zimepangwa kwa tarehe: mafungu mangapi, siku gani, nani aliyezipokea na sahihi yake. Nilimwuliza kama haingekuwa afadhali azichome apate kusahau. Akasema hapana, majina ya wale kina mama saba yameandikwa humo nyuma kwa penseli, kila mmoja na alichodai, na mbele ya kila jina ameweka alama ya kulipwa.

Wapenzi wasikilizaji, saa yetu imekwisha. Juma lijalo, Mungu akitujalia, tutaendelea na kitabu hicho hicho cha Hesabu, tuone habari za wale wazee sabini.