Majina ya Wapagazi Yako Wapi?



Msikilizaji wa Migori na Homa Bay, pale Kenyatta Avenue jijini Nairobi wamesimama watu watatu wa shaba, mmoja wao mpagazi. Waingereza waliisimamisha sanamu hiyo miaka ya 1920 kukumbuka vita vya 1914 hadi 1918. Maandishi yake ni ya Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu. Kijaluo hakimo, wala jina la mpagazi hata mmoja.

Hili linatuhusu vipi? Vita vile vilifika mlangoni petu. Septemba 1914 Wajerumani walivuka mpaka, wakaingia Karungu, wakafika Kisii. Kisha vijana wa Nyanza Kusini wakatolewa vijijini na Waingereza, wengi kwa nguvu, kubeba risasi na unga. Wapagazi zaidi ya 40,000 wa upande wa Uingereza walikufa, wengi kwa magonjwa kama kuhara.

Wapo wanaosema sanamu ing'olewe, ni sifa ya mkoloni. Wengine wanajibu: ukiing'oa, umemfuta na mpagazi. Mimi naona ibaki, ila haitoshi kabisa. Swali ni hili: kaunti zetu mbili zitaanza lini kukusanya majina ya wapagazi hao kutoka kwa wazee wetu?