Tupime Kifaranga Kabla ya Kupima Nyama



Leo tuzungumze juu ya kuku wa nyama. Wengi wetu tunajua kuuliza, "Kifaranga ni bei gani?" Lakini nani huuliza, "Ana uzito gani?" Hapo ndipo pesa ya kikundi inapopotelea.

Yai la gramu 60 hutoa kifaranga wa gramu 40 hivi. Kuku wanaoanza kutaga hutoa mayai madogo na vifaranga wadogo, na anayeanza mdogo mara nyingi humaliza mdogo. Hebu tufanye hesabu. Kuku wa kilo 2 akishachinjwa na kusafishwa hubaki kama kilo 1.4. Wa kilo 1.5 hubaki kilo 1 na kidogo. Kwa kuku 100, tumepoteza kama kilo 35 za nyama, na banda ni lile lile, chanjo ni ile ile.

Sisi wa Garissa tuna shida nyingine. Vifaranga wakitoka Nairobi husafiri zaidi ya kilomita 350 kwenye joto. Kiini cha yai kilichobaki tumboni huwatosha siku mbili tatu, kwa hiyo hawafi haraka. Lakini maji huwatoka na uzito hupungua. Tusidanganyike.

Basi tufanye hivi:

1. Wasafiri usiku. Wakifika wakute maji safi na chakula tayari.

2. Siku hiyo hiyo tupime vifaranga 10 pamoja bila kuchagua, katibu aandike. Wakiwa gramu 400, siku ya 7 kumi wafike angalau kilo 1.6, yaani mara nne.

3. Wadogo wakae kando, wasisukumwe na wakubwa chakulani.

4. Wiki ya kwanza wanataka joto la nyuzi 32 hivi. Mchana wa Garissa hupita hapo, basi jiko litolewe na hewa ipite. Usiku lirudishwe. Wakirundikana, wanaona baridi; wakipanua midomo, joto limezidi.

Aliyeanza mdogo akitunzwa vizuri wiki ya kwanza hupunguza pengo. Aliyeanza mkubwa akiachwa na kiu, faida yake imekwisha. Wazee walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Tusimlaumu muuzaji kabla ya kuangalia daftari letu wenyewe.

Sasa tulete maswali.