Asilimia Kumi ya Nini?

Msikilizaji, huko Marekani siku hizi shabiki wa chaneli ya YouTube haishii kubonyeza kengele na kuandika "hongera sana kaka" chini ya video. Anaweza kununua fungu la mapato ya chaneli yenyewe. Kampuni kama GigaStar husimama katikati: hukagua chaneli, huandaa mkataba, hukusanya fedha za mashabiki, kisha pesa za matangazo zikiingia humpelekea kila mmoja chake. Sheria iliyofungua mlango huo ilipitishwa mwaka 2012, kanuni zake zikaanza kutumika Mei 2016, na tangu 2021 mradi mmoja unaruhusiwa kuchangisha hadi dola milioni 5 ndani ya miezi 12, tena kutoka kwa watu wa kawaida kabisa.

Tupige hesabu ya mfano. Chaneli inaingiza dola 5,000 kwa mwezi. Mwenyewe anauza asilimia 10 ya mapato kwa dola 50,000, na wewe umetoa dola 100. Kila mwezi wawekezaji wote kwa pamoja wanapata dola 500. Fungu lako ni dola moja. Ndiyo, moja! Kwa mwendo huo mtaji wako utarudi baada ya miezi 100, yaani miaka minane na ushee, na hapo faida hujaionja. Ikifika Januari, watangazaji wakiwa wameshamaliza bajeti za sikukuu, bei ya matangazo hushuka na hiyo dola yako haifiki dola. Kwa hiyo unayeweka pesa hapo unabashiri kwamba chaneli itakua, tena ikue sana.

Mwenye chaneli naye ana sababu zake. Benki inataka hati ya nyumba au karatasi ya mshahara, yeye ana video 300 na kamera iliyochoka. Leo anahitaji mhariri na taa, kesho nauli ya kwenda kurekodi. Pesa za YouTube za mwezi huu atazipata mwezi ujao, baada ya tarehe 20. Mtu akimwahidi dola 50,000 bila riba na bila dhamana, lazima masikio yasimame.

Lakini hebu tutulie hapo kwenye neno "mapato", maana wengi hulipita mbio. Kinachogawanywa ni mapato, siyo faida. Ni kama mwenye daladala amwambie dereva: katika kila nauli utakayokusanya, nipe changu kwanza, habari ya mafuta na matairi utajua mwenyewe. Turudi kwenye chaneli yetu. Imeingiza dola 5,000, gharama zimekula 4,700. Zimebaki 300, lakini wawekezaji wanadai 500. Mwezi huo wao wamekula, na mwenye kazi ana pengo la dola 200. Wasikilizaji wetu wa Unguja, Lamu na Mombasa wanaoijua mudaraba, ule ushirika wa biashara wa Kiislamu, watashtuka kidogo, kwa sababu kule wenye mtaji na wenye kazi hugawana faida, na faida haihesabiwi mpaka gharama zitoke.

Simlaumu mwekezaji. Faida ni rahisi kufichwa. Nunua kamera mpya, mwandike binamu kwenye orodha ya mishahara, nenda Dubai uite utafiti, faida imeyeyuka. Mapato ya matangazo yanaonekana kwenye skrini, mtu hawezi kuyapunguza kwa maneno. Ndiyo maana wenye pesa wanayapenda. Basi mwenye chaneli naye ajue kwamba usalama wa mwenzake umelipiwa kwa hatari iliyohamia upande wake.

Iko njia nyingine, na kwa maoni yangu ni nafuu zaidi. Kampuni ya Spotter, iliyoanzishwa mwaka 2019, hulipa pesa taslimu mapema ili ichukue mapato ya matangazo ya video za zamani kwa miaka iliyokubaliwa. Video utakazotengeneza kesho zinabaki zako. MrBeast, nyota wa YouTube, ni miongoni mwa waliouza hivyo, na mwaka 2022 kampuni ya uwekezaji ya SoftBank iliongoza wawekezaji walioipa Spotter dola milioni 200. Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1997 mwanamuziki David Bowie alikopa dola milioni 55 kwa hati fungani za miaka kumi, dhamana ikiwa mapato ya nyimbo zake za nyuma. Kampuni ya bima ya Prudential ikazinunua zote. Mauzo ya muziki yalipoyumba, mwaka 2004 kampuni ya kupima ubora wa mikopo ya Moody's ikazishusha daraja hadi ukingoni mwa zile za hatari. Lakini Bowie alikuwa ameshapata pesa yake mapema, na kilichowekwa rehani kilikuwa kazi iliyokwisha kufanywa.

Sasa linganisha na hili. Mwaka 2022 Marina Mogilko, anayefundisha lugha na mambo mengine kwenye YouTube, alipewa dola milioni 1.7 na kampuni ya uwekezaji ya Slow Ventures. Yeye akatoa asilimia 5 ya mapato yake ya utengenezaji wa maudhui kwa miaka 30. Ili mwekezaji arudishe mtaji tu, mama huyu anapaswa kuingiza dola milioni 34. Akishindwa, hasara ni ya mwekezaji, hilo nalikubali, na pengine kwake ulikuwa mpango mzuri. Ila miaka 30 ni kuuza umri. Kijana wa miaka 22 akiniletea karatasi ya namna hiyo nitamwambia aiache mezani, akanywe chai kwanza.

Na katika mikataba yote hii kuna mkubwa asiyetia saini. YouTube humpa mwenye video ndefu asilimia 55 ya pesa za matangazo, na kwa video fupi asilimia 45, na viwango hivyo ni vyake kuvipanga. Septemba 2019 Google, mmiliki wa YouTube, ilikubali kulipa dola milioni 170 kwa kukusanya taarifa za watoto. Januari iliyofuata matangazo yanayomlenga mtazamaji binafsi yakaondolewa kwenye video za watoto, na chaneli nyingi za aina hiyo zikaona mapato yakishuka. Ungekuwa umenunua fungu humo, hungekuwa na wa kumshika.

Kampuni hizi zikija kwetu, na zitakuja, zikute maswali yako tayari. Kenya na Tanzania hazina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo pesa zinazotokana na watazamaji walioko kule, wakiwemo ndugu zetu wa Minnesota, hukatwa asilimia 30. Kenya nayo tangu 2023 ina kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa mapato ya maudhui ya mtandaoni. Je, fungu la mwekezaji linatoka kabla ya makato hayo au baada? Halafu kuna lile jambo letu lenyewe: mwenye duka la simu anakupigia, anataka umtaje kwenye video, pesa inatua kwenye simu yako, YouTube haina habari. Mkataba usiposema hela hiyo ni ya nani, mtakutana mahakamani Milimani, mwekezaji ameshika nakala ya meseji, nawe unaapa kwamba ilikuwa zawadi.