Kijana na Sufuria ya Futari

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.t.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu vijana, na wazee wetu mlio pamoja nasi. Mambo yanayobatilisha saumu tumeyasikia darsani, na inshaallah tutaendelea kuyasikia. Leo nataka tuingie jikoni. Nawaona ndugu zangu wengine mwacheka. Chekeni, lakini sikilizeni.

Hebu jiulize: nyumbani kwenu, kuanzia Alasiri mpaka adhana ya Magharibi, ni nani yuko mbele ya moto? Ni mama, na dada zako. Nao wamefunga kama wewe. Kiu yao ni ile ile yako, na juu yake kuna moshi na joto la mafuta. Sisi barobaro tumelala, au tuko barazani twahesabu dakika. Kisha adhana ikilia twauliza, "Kwani leo hakuna sambusa?" Subhanallah!

Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kwamba alikuwa akiwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa swala ukiingia akitoka kwenda kuswali. Huyo ndiye bora wa viumbe. Basi wewe na mimi ni nani tuone haya kumenya kitunguu?

Sasa mtu atasema, "Mimi sijui kupika." Haya, tuanze na chakula kimoja tu: maharagwe.

Allah (s.w.t.) ametufahamisha kwamba saumu ilifaradhiwa pia kwa waliokuwa kabla yetu. Mpaka leo, huko Ugiriki, Wakristo wa Orthodoksi wakiwa kwenye mfungo wao huacha nyama, mayai na maziwa. Moja katika vyakula vyao vya siku hizo ni maharagwe makubwa meupe yaitwayo gigantes, maana yake majitu. Huyachemsha, wakayatia nyanya, vitunguu na mafuta ya zeituni, kisha wakayaoka kwenye tanuri mpaka mchuzi ushikane. Mfungo wao si kama wetu, lakini kuna la kuzingatia hapo: wakifunga, sahani yao hupungua. Sisi je? Ramadhani ikiingia, meza zetu hujaa viazi karai, bajia, katlesi, kaimati na tambi, vyote kwa siku moja, na usiku vingine vyaishia jaani. Na Allah ametuamrisha tule na tunywe, wala tusifanye israfu.

Chakula hicho twaweza kukipika hapa hapa Kipevu, kwa jiko la makaa. Tanuri la nini? Mama zetu huoka mkate wa sinia kwa moto wa chini na makaa juu ya mfuniko. Tanuri ni hilo.

Kwa watu kama kumi hivi, chukua kilo 1 ya maharagwe ya nyayo, nyanya 10 zilizoiva, vitunguu maji 4, kitunguu thomu kichwa kimoja, nazi 1, dania, chumvi na mafuta kidogo.

Ukimaliza daku, kabla ya kwenda kuswali Alfajiri, chagua mawe, osha maharagwe, uyaroweke kwa maji mengi. Hiyo ni kazi ya dakika tano. Ukirudi kutoka Adhuhuri, mwaga maji yale, tia mapya, uyachemshe. Hapa sikiliza vizuri: maharagwe mekundu mabichi yana sumu ya asili inayoleta kutapika na kuharisha. Yaache yatokote kwa moto mkali nusu saa, ndipo upunguze moto. Moto mdogo peke yake hauiondoi sumu hiyo. Yaendelee mpaka yalainike kabisa.

Nyanya usizitie mapema. Ukali wake huyazuia maharagwe kulainika, utakaa hapo mpaka Isha. Baada ya Alasiri, kaanga vitunguu mpaka vibadilike rangi, tia thomu, kisha nyanya ulizozikatakata, uziache zipondeke na mafuta yaelee juu. Hapo changanya na maharagwe na chumvi. Kuna nazi pia: Mgiriki ana zeituni yake, mti wa baraka uliotajwa katika Qur'an, na sisi Allah ametupa mnazi. Kuna nazi, ukamue tui zito, ulimimine juu.

Sasa punguza makaa ya chini, funika kwa mfuniko wa bati, na uweke makaa machache juu yake. Nusu saa hivi yatosha. Ukifunua utaona mchuzi umeshikana na juu pameanza kupiga wekundu. Nyunyiza dania. Kuhusu kuonja, wanavyuoni wengi wameruhusu kwa haja: ncha ya ulimi tu, kisha uteme, wala usimeze kitu.

Maharagwe yana protini na nyuzinyuzi, hayamalizwi na tumbo haraka. Basi yakibaki, yaweke kwa daku. Yatakushika mchana kuliko chai na mkate mweupe.

Lakini ndugu zangu, sufuria hii ina watu wengine. Sisi twaishi jirani na bandari. Hapa Kipevu kuna gati la mafuta na kuna makontena, na kazi hiyo haisimami Magharibi. Kuna Waislamu wanaopokea zamu jioni, kuna madereva wa malori walio mbali na wake zao, kuna vijana wa bara wamepanga chumba kimoja Changamwe, futari yao ni tende na soda. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba anayemfuturisha aliyefunga hupata ujira kama wake, bila ya ujira wa aliyefunga kupungua. Na alimuusia Abu Dharr (r.a.) akipika mchuzi azidishe maji, awakumbuke majirani. Hakumwambia azidishe nyama. Maji! Yaani umasikini si udhuru.

Basi pendekezo langu ni hili. Kila nyumba yenye kijana wa kiume, mara moja kwa wiki Ramadhani hii, yeye ndiye apike. Mama aketi, asome juzuu yake kwa utulivu. Na kabla ya kupakua ya nyumbani, bakuli moja litoke: kwa jirani, au msikitini kwa msafiri. Ukiona aibu kubeba bakuli njiani, kumbuka mama amelibeba miaka yote hiyo na hukumuuliza kama achoka.

Twamuomba Allah (s.w.t.) azikubali saumu zetu, awalipe kheri mama zetu na dada zetu kwa kila futari waliyotupikia, na atujaalie tuwe wenye kuwafaa wenzetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.